Kilichosemwa na Kilichosikika: Juu ya "Ikiwa" na "Basi" Tukiwa Mugunga

Katika somo la mantiki kuna jedwali moja ambalo wanafunzi wengi wa isimu hulikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku inayofuata. Ni jedwali la sentensi sharti, yaani sentensi ya namna ya "ikiwa A, basi B". Jedwali linasema kwamba sentensi hiyo ni ya uongo katika hali moja tu: A ikiwa kweli na B ikiwa uongo. Katika hali nyingine zote tatu ni ya kweli. Maana yake ni kwamba A isipokuwepo, sentensi inahesabiwa kuwa kweli bila kujali B imetokea au haikutokea. Mwanafunzi anayeliona kwa mara ya kwanza hukunja uso. Wengine huuliza kama kweli kuna watu wanaozungumza hivyo.

Katika makala haya nataka kulitetea jedwali hilo, kisha niwatetee majirani zangu wa Mugunga ambao hawazungumzi hivyo. Naamini pande zote mbili zina haki. Kati yao kuna kitu ambacho pragmatiki imekipa jina, nacho kwetu si jambo la darasani tu. Huku magharibi mwa Goma, watu wameshaamua kuhama au kubaki kwa kutegemea sentensi ambayo hakuna aliyeitamka.

Nianze na istilahi, maana Kiswahili chetu bado hakijakubaliana juu yake. Nitatumia *sharti* kwa sentensi nzima ya "ikiwa… basi". Nitatumia *ulazima* pale maana moja inapoileta nyingine bila njia ya kukwepa. Nikisema "mbuzi wetu amekufa", ni lazima kwamba hayuko hai. Siwezi kuongeza "lakini yuko hai" bila kujipinga. Na nitatumia *dokezo* pale msikilizaji anapoondoka na jambo ambalo maneno yenyewe hayakulisema, ila hali ya mazungumzo imelileta. Nikisema "baadhi ya wanafunzi wamefaulu", utaelewa kwamba si wote. Lakini ninaweza kuendelea, "tena kwa kweli wote wamefaulu", na sikujipinga. Nimelifuta dokezo tu. Ulazima haufutiki, dokezo hufutika. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia hadi mwisho.

Aliyetupa njia ya kueleza madokezo ni mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1967. Sehemu yake iliyo maarufu zaidi ilichapishwa mwaka 1975 kwa jina la "Logic and Conversation". Kwa ufupi, Grice alisema kwamba wanaozungumza huchukuliana kuwa wanashirikiana. Kila mmoja anatarajia mwenzake aseme ya kutosha, aseme anayoamini kuwa kweli, aseme yanayohusika, na ayaseme kwa uwazi. Kwa hiyo mtu akisema kidogo kuliko tulivyotarajia, tunajiuliza kwa nini ameishia hapo, na jibu tunalolipata linakuwa sehemu ya ujumbe.

Ugomvi juu ya "ikiwa" ni wa zamani sana kuliko Grice. Wagiriki wa kale waliubishania. Philo wa Megara ndiye anayekumbukwa kwa kusema kwamba sharti ni la uongo pale tu linapoanza na kweli na kuishia kwenye uongo, jambo ambalo ndilo jedwali letu hasa. Mwalimu wake, Diodorus Cronus, hakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1971 wanaisimu wawili wa Marekani, Michael Geis na Arnold Zwicky, walieleza kitu ambacho kila mzazi anakijua bila kusoma: mtu akiambiwa "ikiwa A, basi B", husikia pia "na isipokuwa A, basi si B". Mama akimwambia mtoto, "Ukiteka maji, nitakupa franka mia tano," mtoto anajua kwamba asipoteka hapati kitu. Mama hakusema hivyo. Kwa jedwali, mama anaweza kumpa mtoto mvivu franka zake mia tano bila kuwa mwongo. Lakini mtoto aliyebeba bidoni mbili kutoka ziwani atalia, na machozi yake yatakuwa na msingi.

Methali zetu zimejaa mtego huu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wangapi kati yetu tumelelewa tukiamini kwamba anayesikia la mkuu havunjiki? Methali haikuahidi hivyo. "Dalili ya mvua ni mawingu." Hapa mtego ni mwingine: mvua haiji bila mawingu, lakini mawingu yanaweza kuja na kupita bila mvua. Anayeanika mihogo huangalia juu na kuingiza ungo ndani, naye anafanya busara, ingawa mantiki haimlazimishi. Busara na ulazima ni vitu viwili, na sehemu kubwa ya maisha tunaiendesha kwa busara.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, niseme neno juu ya umbo la sharti katika Kiswahili, kwa sababu mifano ya vitabuni ni ya Kifaransa au Kiingereza na lugha zetu hazigawanyi mambo kwa njia hiyo. Kiswahili sanifu kina *-ki-*: ukija, mvua ikinyesha, mlima ukilipuka. Kiambishi hicho hakitofautishi "ikiwa" na "wakati". "Ukifika Sake, nipigie simu" inaweza kusemwa kwa mtu ambaye safari yake ni ya hakika, na pia kwa mtu ambaye hatujui kama atafika. Hapa Goma, katika mazungumzo ya kila siku, mara nyingi tunatumia *kama*: "kama unafika Sake, unipigie". Hata *kama* hii hubeba maana zote mbili. Basi mtu wa Goma akisikia "mlima ukilipuka", analisikia neno hilo kwa masikio ya mtu aliyeishi chini ya Nyiragongo. Mlima huo ulimwaga moto tarehe 10 Januari 1977, ukarudia tarehe 17 Januari 2002 na kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, kisha tena tarehe 22 Mei 2021. Kwa mgeni, "ukilipuka" ni sharti. Kwa mwenyeji ni swali la lini.

Kisha kuna *-nge-*. "Wangetuambia, tungeondoka." Kila anayeisikia anaelewa kwamba hawakutuambia na hatukuondoka. Je, huo ni ulazima au dokezo? Tupime. Muuguzi anaweza kusema juu ya mtoto mwenye homa: "Angekuwa na malaria, angekuwa na dalili hizi hizi tunazoziona. Basi tumpime." Hapa *-nge-* haikumaanisha kwamba mtoto hana malaria, kinyume chake, muuguzi anaisogelea. Wazo kwamba A haikutokea limefutika bila sentensi kuvunjika. Kwa hiyo hata pale ambapo sarufi inaonekana kutamka jambo waziwazi, huenda ni dokezo lililozoeleka mno hadi tukalidhania kuwa ni maana.

Mugunga, kwa wasioijua, ni mtaa wa wilaya ya Karisimbi, upande wa magharibi wa mji, kwenye barabara ya kwenda Sake. Ardhi yake ni mawe meusi ya volkano. Ukitaka kuchimba choo unahitaji nyundo na subira. Jina lake lilijulikana duniani mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipowekwa hapa katika moja ya kambi kubwa za wakati ule, na baadaye zikafuata kambi za Wakongomani waliokimbia vita vya ndani. Mtoto aliyekulia hapa amejifunza mapema kusoma orodha na kusoma kile ambacho orodha haikusema.

Nina mfano mdogo wa hilo. Siku moja ya ugawaji wa chakula kambini, kijana mwenye kipaza sauti alitangaza: "Benye kuwa na jeton bapange mustari." Wenye jetoni wakapanga mstari. Mzee mmoja asiye na jetoni naye akapanga. Alipoondolewa, alijibu kwa utulivu: "Mulisema benye jeton bapange. Hamukusema basiyo nayo basipange." Watu walicheka, na kijana wa kipaza sauti akacheka pia. Kwa jedwali la Philo, mzee alikuwa sahihi kabisa. Kwa Grice, alikuwa amekosea, kwa sababu tangazo lile lisingekuwa na haja ya kutaja jetoni kama kila mtu anaruhusiwa. Hakupata unga. Lakini nimemkumbuka kila mara ninaposoma juu ya madokezo, kwa sababu alikuwa ameuona ufa kati ya maneno na maana na akajaribu kupita humo. Maskini hulazimika kuwa mwanamantiki wakati wengine wanatosheka na mazoea.

Sasa nije kwenye Mei 2021. Jumamosi ya tarehe 22, jioni, Nyiragongo ulipasuka bila mji kuonywa kabla. Lava ilishuka usiku, ikachoma vijiji na nyumba upande wa kaskazini wa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu kadhaa walikufa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi sana, mchana na usiku, na nyufa zikaonekana barabarani. Halafu, alfajiri ya Alhamisi tarehe 27, mamlaka ya mkoa ilitangaza kwamba watu wa mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya Goma waondoke. Mitaa ilitajwa kwa majina: Majengo, Bujovu, Virunga, Murara na mingine. Ilielezwa kwamba mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya ziwa, hauwezi kukataliwa, na kwamba unaweza kuja bila dalili za kutosha. Maelfu kwa maelfu ya watu walitoka. Wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda, wengine walipanda boti kwenda Bukavu, na wengi walishika barabara ya Sake.

Mugunga haikuwa kwenye orodha. Na barabara ya Sake inapita Mugunga.

Wakati huo nilikuwa na miaka 19. Tulikaa mbele ya nyumba tukawaona watu wakipita tangu asubuhi: magari yenye magodoro juu, pikipiki zenye watu wanne, chukudu zimebeba masufuria na bibi kizee, wanawake wenye watoto mgongoni wakitembea tu. Hakuna aliyekuwa na neno kwa ajili yetu. Tulikuwa tumesikia orodha kwenye redio, kila mtu kwa masikio yake, na uani kwetu kukawa na mjadala ambao leo ninaweza kuupa majina ya kitaalamu, ingawa siku ile ulikuwa mjadala wa kufunga mizigo au kutofunga.

Jirani yetu, mwanamume mwenye duka dogo la kuuza chumvi na sabuni, alisema: "Habakutaja Mugunga. Basi sisi tubakiye."

Mama akamjibu: "Habakusema tubakiye. Balinyamaza tu."

Mzee mmoja aliyekaa juu ya bidoni akauliza, bila kumwangalia yeyote: "Na ile ya siku ya posho, balituambia?"

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Hakuna aliyemjibu mzee.

Nimesoma mengi juu ya madokezo tangu siku ile, na bado sijaona ufafanuzi unaozidi sentensi hizo tatu. Jirani alifanya kile Geis na Zwicky walichokieleza. Tangazo lilikuwa na umbo la sharti: ikiwa mtaa wako umo kwenye orodha, ondoka. Yeye akalikamilisha: na ikiwa haumo, usiondoke, au angalau huna haja ya kuondoka. Alikuwa na sababu nzuri. Anayetangaza anashirikiana nasi; angetaka Mugunga iondoke, angeitaja, kama alivyoitaja Majengo. Huo si ujinga wala uvivu wa kufikiri. Bila uwezo huo wa kusikia kisichosemwa, lugha isingetufikisha popote, kwa sababu hakuna mtu awezaye kusema kila kitu.

Mama alikuwa upande wa jedwali. Kutoka "ikiwa umo kwenye orodha, ondoka" hakutoki chochote juu ya asiyemo. Ukimya si sentensi. Alikataa kuchukua dokezo kana kwamba ni ulazima, na alikuwa na haki, kwa sababu dokezo lile lingefutwa na tangazo moja zaidi mchana uleule: "na Mugunga pia". Hakuna ambaye angeweza kulalamika kwamba tangazo la kwanza lilidanganya.

Lakini ni mzee aliyegusa kiini. Ili tuvuke kutoka "hakusema Mugunga iko hatarini" hadi "Mugunga haiko hatarini", haitoshi kwamba msemaji anashirikiana. Lazima pia awe *anajua*. Nikimuuliza mwalimu nani wamefaulu, naye akataja majina matano, nitahitimisha kwamba wengine hawakufaulu, kwa kuwa mwalimu ana karatasi zote mkononi. Nikimuuliza mpita njia nani wamefaulu, akataja majina matano, sitahitimisha hivyo. Labda hao watano ndio anaowafahamu. Maneno ni yaleyale na orodha ni ileile, lakini dokezo ni tofauti, kwa sababu ujuzi tunaoudhania kwa msemaji ni tofauti. Mzee aliuliza kama kuna mtu yeyote, mwenye cheo au mtaalamu, anayeujua mlima kiasi kwamba kunyamaza kwake juu ya mtaa fulani kuwe habari. Siku ya posho haikutangazwa. Na tangazo lenyewe la Alhamisi lilikiri kwamba mlipuko ungeweza kuja bila dalili za kutosha. Msemaji mwenyewe alikuwa ametuambia mpaka wa ujuzi wake. Kwa hiyo dokezo la jirani, lililokuwa na nguvu sana kwa masikio, lilikuwa limekatwa mguu na sentensi nyingine ya tangazo lilelile, ambayo wachache waliikumbuka kwa sababu majina ya mitaa ndiyo yaliyokuwa yakirudiwa midomoni.

Silaumu tangazo. Lilipaswa kutolewa, na lilitolewa kwa watu waliokuwa karibu zaidi na hatari. Nasema tu kwamba liliwaacha watu wa mitaa minane wakijaza pengo kwa akili zao, na kila nyumba ililijaza tofauti. Jirani alibaki, akafungua ua wake kwa wapita njia waliochoka. Familia ya nyumba ya nyuma iliondoka saa nne asubuhi pamoja na msafara. Mama aliamua tufunge hati za shule na sufuria moja, tulale na nguo zetu, mmoja wetu awe macho kila usiku. Mwezi Juni watu walianza kurudi, na mlipuko wa pili haukuja. Wapo waliosema kwamba basi jirani alikuwa sahihi. Hapana. Mlima kutolipuka hakuthibitishi kwamba hitimisho lake lilikuwa halali, kama vile kuvuka barabara ukiwa umefumba macho na kufika salama hakuthibitishi kwamba barabara ilikuwa tupu. Mwanafunzi wa mantiki analijua hilo. Ila nimegundua kwamba nje ya darasa ni vigumu sana kulieleza, kwa sababu watu hupima hoja kwa matokeo yake.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambapo hakuna msemaji kabisa. Katika mabonde na mashimo ya eneo letu, kuelekea Lac Vert, Bulengo na ufukwe wa Kivu, kuna *mazuku*. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia sehemu za chini, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haionekani. Mbuzi hushuka kula majani akaanguka, na mtu anayemfuata huweza kuanguka pia. Wanasayansi wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua neno letu na kuliandika jinsi lilivyo.

Watoto wa huku wanafundishwa: ukiona ndege au panya amekufa shimoni, usishuke. Ni sharti zuri na limeokoa maisha. Lakini mtoto hulikamilisha kama alivyofanya jirani: nisipoona mnyama aliyekufa, naweza kushuka. Vivyo hivyo kwa taa: ikizimika ukiishusha shimoni, kimbia. Je, isipozimika? Taa inayowaka haikuahidi kitu.

Mwaka 1957, katika makala yake kuhusu maana, Grice alitenganisha maana ya asili na maana ya mtu anayekusudia kueleweka. Mawingu "yanamaanisha" mvua kwa namna moja; mimi ninamaanisha jambo kwa namna nyingine. Tofauti hiyo niliiona kavu nilipoisoma mara ya kwanza, lakini mazuku yanaipa uzito. Dokezo linategemea msemaji anayeshirikiana nasi, na ardhi haishirikiani. Ikinyamaza, haijasema "pako salama". Tunapolisoma shimo kwa mazoea yaleyale tunayosomea tangazo la redio, tunalidhania shimo kuwa mwenzetu wa mazungumzo. Kwa watu, kukamilisha sharti ni busara yenye mipaka. Kwa ardhi, ni hatari tupu. Hapo jedwali la Philo, lile lililotukunjisha nyuso darasani, ndilo mwalimu bora, kwa sababu linakataa kutuambia chochote juu ya kisichotajwa.

Najua pingamizi litakalotolewa na baadhi ya walimu wetu. Watasema kwamba msemaji hawezi kuzuia kila dokezo. Tangazo likijaribu kusema yote ambayo halikusema, litakuwa refu kama hukumu ya mahakama, na watu watazima redio kabla halijaisha. Ni kweli. Lakini haihitajiki kuzuia yote. Inahitajika kuzuia lile moja ambalo msikilizaji wa kawaida atalijenga kwa hakika, na hilo linatabirika. Kila orodha inaleta swali moja: na wengine je? Swali hilo lina majibu matatu tu. Wengine wako salama. Au wengine wangoje, zamu yao itakuja. Au juu ya wengine hatujui. Sentensi moja inatosha kuchagua kati ya hayo matatu.

Na lugha yetu ina vifaa vya kufanya kazi hiyo kwa neno moja. "Mitaa kumi *tu* iondoke" inafunga orodha. "*Kwanza* mitaa kumi iondoke" inaiacha wazi. "*Hasa* mitaa hii kumi" inasema kwamba hatari haiishii hapo. Maneno *tu*, *kwanza* na *hasa* tunayapita haraka darasani, tukiyaita vielezi, na kuendelea na ngeli za majina. Mimi nimeamua kuyafanya kuwa mada ya kazi yangu ya kuhitimu: jinsi yanavyotumika katika matangazo ya hadhara yanayosomwa kwa Kiswahili Goma. Mengi ya matangazo hayo huandikwa kwanza kwa Kifaransa na kutafsiriwa haraka na mtu anayejua lugha zote mbili lakini hakufundishwa kuuliza msikilizaji atasikia nini zaidi ya kilichoandikwa. Mara nyingi mtu huyo ametoka katika kitivo kama chetu. Kesho atakuwa mmoja wetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Somo la mantiki na somo la pragmatiki hapa kwetu hufundishwa kama nchi mbili zisizo na mpaka wa pamoja, la kwanza likiwa na herufi A na B, la pili likiwa na mifano ya watu wanaoombana chumvi mezani. Yafundishwe pamoja, kwa mifano ya *-ki-* na *kama*, kwa matangazo halisi, na kwa kipimo cha kufuta. Mwanafunzi apewe tangazo la mistari mitano aambiwe: andika kilichosemwa; andika kitakachosikika; kisha andika sentensi moja inayoziba pengo, isiyozidi maneno kumi. Kwa tangazo la tarehe 27 Mei, mimi ningependekeza hii: "Mitaa isiyotajwa, ikae tayari, hatujui bado hatari itafika wapi."